Hisabati Mpya, Mwalimu Yuleyule

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, taifa huomboleza juu ya somo la Hisabati kwa siku mbili au tatu, kisha husahau. Kwa miaka mingi sasa waliofaulu somo hilo hawajafika hata theluthi moja ya watahiniwa. Wazazi huwalaumu walimu, walimu huwalaumu wanafunzi, na wanasiasa huahidi vitabu, maabara na vishikwambi. Kijana mwenyewe hubaki na hukumu aliyoandikiwa tangu darasa la tano: hana kichwa cha hesabu.

Mimi hukutana na vijana hao miaka miwili au mitatu baadaye, katika kumbi za mihadhara. Wengi hawakuchagua fani kwa kuipenda, bali kwa kuikimbia namba. Baadhi yao watakuwa maofisa mipango wa halmashauri, wengine waandishi wa habari, wengine wanaharakati watakaoidai serikali haki za wananchi. Mtu asiyeweza kusoma jedwali la bajeti atadai haki gani, na kwa hoja ipi? Ndiyo maana nasema kwamba ufundishaji wa hisabati si suala la walimu wa hisabati peke yao. Ni suala la uraia.

Mjadala wetu kuhusu mbinu bora za kufundisha somo hili huendeshwa kana kwamba umezaliwa jana. Sivyo. Miaka sitini iliyopita swali hilohilo liliulizwa hapa Afrika Mashariki, likatafutiwa jibu kwa fedha nyingi na kwa akili za watu mahiri kutoka mabara matatu. Jibu lile lilishindwa. Naona vema tukumbushane lilivyoshindwa, kwa sababu nina hofu kwamba hatukujifunza somo lililokusudiwa.

Hesabu ya karani

Tusianze na ukoloni kana kwamba kabla yake watu hawakuhesabu. Katika mwambao wetu, vibaba vinne vilifanya pishi moja, shubiri mbili zilifanya mkono mmoja, na mikono minne ikafanya pima. Mizigo ya bara ilipimwa kwa frasila. Mirathi ya Kiislamu ilidai ujuzi wa sehemu ambao wengi wetu leo tungeuona mgumu: nusu, robo, thumuni, theluthi, sudusi, zote zikigawanywa kwa warithi wa ngazi mbalimbali bila kuacha baki. Wachezaji wa bao walikokotoa mizunguko kadhaa mbele kabla hawajanyanyua kete.

Shule ya kikoloni haikujengwa juu ya msingi huo. Ilihitaji karani wa forodha, mtunza stoo, mwandishi wa boma na mwalimu wa misheni. Kwao, hesabu ilikuwa ustadi wa kunakili kanuni na kutoa jibu sahihi upesi. Jedwali la kuzidisha liliimbwa, fimbo ikasimama pembeni kama kiitikio. Waliofika sekondari, nao wakiwa wachache mno, walisoma hesabu, aljebra na jiometri kwa maandalizi ya mtihani uliotungwa Cambridge. Swali la "kwa nini" halikuwa na nafasi. Karani anayeuliza kwa nini ni karani msumbufu.

Kutoka Sputnik hadi Entebbe

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha satelaiti ya Sputnik. Marekani ilishtuka, ikajitazama, ikaona kwamba shule zake zinafundisha hisabati ya karne zilizopita. Mwaka uliofuata kikundi cha wanahisabati chini ya Edward Begle kilianza kuandika upya vitabu vya shule. Mwaka 1959, katika mkutano wa Royaumont nchini Ufaransa, mwanahisabati Jean Dieudonné alitaka jiometri ya Euclid iondolewe kabisa shuleni. Mwaka 1961 Uingereza ikaanzisha mradi wake. Vuguvugu hilo likaitwa hisabati mpya, au hisabati ya kisasa. Kiini chake kilikuwa seti, mantiki, besi mbalimbali za namba, vekta, matriki na sheria za jumla zinazotawala matendo ya hesabu. Wazo lake lilikuwa zuri: mtoto aelewe muundo wa hisabati badala ya kukariri kanuni zisizo na maelezo.

Miaka ileile bendera zilikuwa zikibadilishwa Afrika. Katika kiangazi cha 1961 wasomi wa Kiafrika, Kiingereza na Kimarekani walikutana jimboni Massachusetts kujadili elimu ya nchi mpya. Mwaka 1962 warsha ya kwanza ya uandishi ilifanyika Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Viktoria. Wanahisabati wa vyuo vikuu na walimu kutoka nchi kama Ghana, Nigeria, Liberia, Sierra Leone, Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa kwa wiki kadhaa wakiandika vitabu vya wanafunzi na viongozi vya mwalimu, kuanzia darasa la kwanza hadi sekondari. Warsha zikaendelea kwa miaka kadhaa, baadaye zikahamia Mombasa. Vitabu vile vikajulikana kwa jina la mji vilikoanzia: Hisabati ya Entebbe.

Napenda kusema wazi kwamba waandishi hao hawakuwa wajinga wala maadui. Kwa Waafrika walioshiriki, hoja ilikuwa ya heshima. Kama mtoto wa Boston anastahili kufundishwa sababu za hesabu, mtoto wa Bukoba naye anastahili. Kumwachia hesabu ya karani baada ya uhuru kungekuwa kumwambia abaki karani. Hata leo sioni namna ya kuipinga hoja hiyo.

Kilichotokea darasani

Kosa halikuwa katika nia. Lilikuwa katika safari ya kutoka mezani Entebbe hadi ubaoni.

Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kila nchi ikabaki na kazi ya kuvirekebisha ilingane navyo. Mwalimu aliyekabidhiwa alikuwa yuleyule aliyefundishwa kuimba jedwali la kuzidisha. Alipewa semina fupi, akapewa kiongozi cha mwalimu, akarudi kwenye darasa lake. Huko akafanya jambo ambalo binadamu yeyote angefanya: akafundisha kitu kipya kwa namna aliyoijua. Muungano wa seti na makutano ya seti vikakaririwa kama jedwali la saba lilivyokaririwa. Alama zikabadilika, mwenendo ukabaki. Mzazi aliyekuwa na duka akaona mtoto wake anachora miduara inayoingiliana, lakini hawezi kumrudishia mteja chenji.

Mfano mmoja unanisaidia sana kueleza jambo hili. Miongoni mwa mada zilizopendwa na waandishi wa hisabati mpya ni hisabati ya saa, yaani hesabu ambayo ukifika kumi na mbili unaanza tena. Wanahisabati huiita hesabu ya moduli. Mada hiyo ilionekana ngumu na ya ajabu. Sasa tazama mtoto yeyote wa Kitanzania. Yeye huishi na saa mbili kwa wakati mmoja. Kwa Kiswahili ni saa nane mchana. Kwa saa ya Kizungu, iliyoko ukutani, mshale uko kwenye mbili. Ili kuvuka kutoka saa moja kwenda nyingine huongeza sita, na akipita kumi na mbili huanza upya: nane na sita ni kumi na nne, toa kumi na mbili, inabaki mbili. Mtoto huyo ameshafanya hesabu ya moduli tangu alipojifunza kusoma saa, tena bila kufundishwa na mtu. Mwenzake wa London hana saa mbili za kumzoeza hivyo. Mada iliyosemekana kuwa ngeni kwetu ilikuwa mali yetu. Ilihitaji tu mwalimu mwenye nafasi na ujasiri wa kusema: "Jamani, hili mnalijua tayari."

Ushahidi kama huo ulikuwapo hata wakati ule. Nchini Liberia, John Gay na Michael Cole walichunguza jinsi watu wa kabila la Kpelle wanavyofikiri kuhusu idadi na vipimo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1967. Wakulima wa Kpelle wasiojua kusoma, wakiulizwa bakuli la mchele lina vikombe vingapi, walikadiria kwa usahihi uliowashinda mbali Wamarekani waliosoma. Lakini watu haohao walipopewa kadi za maumbo wazipange kwa rangi, umbo au idadi, walipata taabu. Tofauti haikuwa akilini mwao. Ilikuwa katika swali: moja lilianza na maisha yao, jingine lilianza na maisha ya mtu mwingine. Funzo la wazi lilikuwa kwamba hisabati ianzie pale mtoto alipo na ustadi, kisha imchukue mbele. Vitabu vilikwisha kuandikwa.

Na palikuwa na jambo la tatu, ambalo halikuwahi kuandikwa katika kitabu chochote cha mwanafunzi: swali la nani anaruhusiwa kuuliza. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari nchini Tanganyika, aligundua kwamba maziwa ya moto aliyoyaweka kwenye jokofu ili atengeneze aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika kidato cha juu akauliza tena, akachekwa. Tangu hapo kosa lake lolote, hata la kusoma jedwali la logariti, likageuzwa utani darasani kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, Mpemba aliuliza mara ya tatu, na wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanafizikia wanaijadili hadi leo.

Zingatia tarehe. Wakati Entebbe watu wanaandika kwamba mtoto aelewe sababu, katika madarasa yetu mtoto anayetafuta sababu alikuwa anachekwa. Hakuna kitabu kinachoweza kuziba pengo la namna hiyo peke yake.

Kurudi nyuma

Historia ya baadaye inajulikana kwa sehemu. Mwaka 1967 lilikuja andiko la Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Hesabu za shamba la shule na duka la ushirika zikaingia darasani. Geoffrey Mmari, mtaalamu wa elimu ya hisabati ambaye baadaye alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, aliandika katika miaka ya 1970 kuhusu hisabati kama chombo cha kuibadili jamii. Mawazo yalikuwapo.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Lilikuwa azimio la haki, na mamilioni ya watoto waliingia darasani kwa sababu yake. Lakini walimu walitoka wapi? Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa redio, kwa posta na kwa mafunzo ya muda. Wananchi waliwadhihaki kwa kuzigeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka hiyo ilikuwa ya kikatili, kwani vijana wale walibeba mzigo ambao taifa zima lilishindwa kuubeba. Hata hivyo, ni kweli kwamba mwalimu aliyeachwa peke yake na wanafunzi wengi, vitabu vichache na mafunzo haba, hurudi kwenye silaha aliyoiona alipokuwa mtoto. Silaha hiyo ni kukariri na fimbo.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970, Tanzania iliachana na hisabati mpya. Kenya iliifuta rasmi mwaka 1981. Marekani kwenyewe ilikuwa imeanza kuchoka nayo, baada ya wakosoaji kama Morris Kline kuuliza mwaka 1973 kwa nini watoto hawajui hata kujumlisha. Kila mahali hukumu ilikuwa moja: seti ndizo mbaya. Tukarudi kwenye hisabati ya "msingi", tukaamini tumepona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na masimulizi tuliyoyazoea. Seti hazikuwa na kosa. Tulichotupa ni maudhui. Tulichobakiza ni utaratibu ule ule wa kumshushia mwalimu kitabu kutoka juu na kumdai matokeo. Na kwa kuwa tulikosea kutambua ugonjwa, tumeendelea kubadili dawa. Mihtasari imeandikwa upya, somo limebadilishwa sura, vitabu vimetoka kwa wachapishaji binafsi vikarudi serikalini. Tangu 2010 tathmini za Uwezo zimekuwa zikituonyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wanashindwa hesabu za darasa la pili.

Mambo matatu yenye ushahidi

Mbinu zinazofaa si siri. Nitataja tatu ambazo historia hii inazithibitisha.

Kwanza ni kuanza na kiasi ambacho mtoto anakijua. Uholanzi ilikumbwa na wimbi lile lile la hisabati mpya, lakini Hans Freudenthal na wenzake walishikilia kwamba hisabati ni kazi anayoifanya mtu, si bidhaa anayopokea, hivyo ifundishwe kutoka katika mazingira yanayoeleweka na mtoto hadi kwenye alama. Sisi tunayo sado, debe, fungu la nyanya, kasorobo ya saa. Neno kasorobo peke yake lina kutoa na sehemu ndani yake. Lakini kuanza na sado si kuishia kwenye sado. Mwalimu anayebaki sokoni humnyima mtoto aljebra, na huo ndio ukarani tuliotaka kuuondoa. Mwalimu mzuri hutumia soko kama ngazi: vitu vya kushikwa, kisha michoro, kisha alama.

Pili ni lugha. Mtoto wetu husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Jina lenyewe linamfundisha thamani ya nafasi. Katika shule ya msingi hujifunza namba tasa, kipeuo cha pili, KDS na KKS, asilimia, mlinganyo. Anapoingia kidato cha kwanza maneno hayo yote hufa siku moja, na dhana alizozijenga kwa miaka saba hubaki hazina majina. Anayeshindwa mtihani baada ya hapo ameshindwa nini: hisabati au tafsiri? Hata kama sera ya lugha haitabadilika kesho, hakuna sheria ya maumbile inayomzuia mwalimu kutenga muda wa kuunganisha maneno ya lugha mbili, wala inayokizuia kitabu kuwa na faharasa ya lugha zote mbili.

Tatu, na kubwa kuliko yote, ni muda wa mwalimu pamoja na walimu wenzake. Wajapani wana utaratibu walioutumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Walimu huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hukaa nyuma wakitazama wanafunzi wanavyofikiri na wapi wanakwama, kisha wote hukaa na kulirekebisha. Somo moja linaweza kuwachukua wiki nyingi. Kenya ilijaribu njia ya karibu na hiyo kupitia mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliowakutanisha walimu wa hisabati na sayansi katika mafunzo kazini. Katika utaratibu kama huo mwalimu si mfikishaji wa kitabu. Ni mtafiti wa darasa lake. Mwalimu anayeulizwa na wenzake "kwa nini mwanafunzi huyu alijibu hivi?" hujifunza kutomcheka Mpemba.

Mtaala mpya

Tangu Januari 2024 tumeanza kutekeleza, kwa awamu, mtaala mwingine ulioboreshwa. Nimeusoma mjadala wake kwa makini. Tumebishana sana kuhusu masomo yapi yawemo, miaka mingapi iwe ya lazima, na nani achapishe vitabu. Haya ni maswali ya haki, lakini yote ni maswali ya Entebbe: yanahusu kitakachoandikwa. Swali la nani atakayefundisha, akiwa na muda gani na msaada upi, linakuja mwishoni, kwa sauti ndogo.

Si kwamba halikufikiriwa kabisa. Tunao mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaotaka walimu wakutane shuleni mwao katika jumuiya za ujifunzaji. Kwenye karatasi ndio mpango unaokaribia zaidi kile nilichokieleza. Hatima yake haitaamuliwa na maprofesa. Itaamuliwa na ofisa wa halmashauri anayepanga bajeti na kukuta kwamba kifungu rahisi kukifyeka ni cha mafunzo, kwa sababu mafunzo hayana jengo la kuzindua. Itaamuliwa na mwalimu mkuu anayeweza kuigeuza saa ya jumuiya kuwa kikao cha kusoma matangazo. Itaamuliwa na mwalimu mwenye wanafunzi mia moja, anayesahihisha madaftari hadi usiku na kuambiwa kwamba akitaka kujifunza, ajifunze kwa muda wake.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wakilinde kifungu hicho kama wanavyolinda cha madawati. Wanaharakati, mnapohoji bajeti ya elimu ya wilaya yenu, msiishie kwenye idadi ya madarasa. Ulizeni walimu wa hisabati wa kata fulani walikaa pamoja mara ngapi mwaka jana, na walijadili somo lipi. Nanyi wanafunzi mnaoelekea kwenye ualimu, nendeni na saa mbili za Kiswahili na Kizungu mkononi. Siku mtoto atakapouliza swali linalowachekesha wenzake, nyamazisheni kicheko, kisha mlijaribu swali lake ubaoni mbele ya darasa zima.